Picha na video ni kazi mbili: ombi kwa kamati za harusi na ofisi za Mtwara na Lindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoota mizizi katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, ya kumkabidhi mpigapicha mmoja shughuli nzima na kumwambia, mapatano ya bei yakiwa yamekwisha, kwamba "na video utatuchukulia". Mimi ni mpigapicha wa picha za mnato, makazi yangu ni Mikindani, na katika miaka ya karibuni nimeanza kupokea kazi za video za malipo, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni mambo ninayokutana nayo kazini. Hoja yangu ni kwamba video ni fani nyingine, inayodai masikio kabla ya macho. Mpigapicha anayeingia humo anapaswa kuisomea upya, na mteja anayeitaka anapaswa kuitengea mtu wake, muda wake na fedha zake. Tusipofanya hivyo tutaendelea kujaza kabati na simu zetu kwa kumbukumbu za harusi, za wali wa jando na unyago na za wazee wetu ambazo zinaonekana vizuri lakini hazisikiki.

Naelewa desturi hii ilikotoka, na siwalaumu wateja. Zamani kamera ya picha ilikuwa ya picha na kamera ya video ilikuwa ya video, na aliyetaka vyote aliwaita watu wawili. Mwezi Agosti mwaka 2008 kampuni ya Nikon ilitangaza kamera ya D90, ambayo ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kamera kubwa za picha za kidijitali zenye lenzi za kubadilisha kuweza kurekodi video, na mwezi uliofuata Canon ikatangaza EOS 5D Mark II, iliyorekodi video ya ukubwa wa 1920 kwa 1080. Tangu hapo kitufe cha kurekodi kimekuwa ndani ya mkoba wa kila mpigapicha, na mteja akikiona anaona kazi ya pili imeshapatikana. Lakini kamera zile zilitengenezwa kwa picha kwanza. EOS 5D Mark II ilikata kila kipande baada ya dakika 12 hivi kwa kuwa faili moja halikuweza kuzidi GB 4, na kamera nyingi zilizofuata zilijizima sekunde moja kabla ya kufika dakika 30, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya iliitoza ushuru zaidi kamera iliyoweza kurekodi kupita hapo. Nyingi za kamera hizo bado zinafanya kazi huku kwetu, zimenunuliwa mitumba na zinatunzwa vizuri. Mpigapicha asiyelijua jambo hilo anaweza kumwacha baba mzazi katikati ya nasaha anazompa binti yake, akidhani kamera iliyo kwenye stendi bado inaendelea.

Mwanga nao una sheria zake mpya. Ninapopiga picha ya mnato ufukweni Shangani, hapa Mtwara, saa saba mchana, jua likiwa utosini, ninaongeza tu kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, mpaka moja chini ya elfu mbili ya sekunde na kuendelea na kazi. Katika video siwezi, kwa sababu kasi ya shata inafungamana na idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kasi inayofanya mwendo wa mtu uonekane kama macho yanavyouona ni moja chini ya hamsini, na ukipanda mno juu ya hapo mchezaji wa sindimba anaonekana kama anayekatwakatwa vipande. Kwa kasi hiyo, jua letu la mchana linataka tundu la lenzi lifungwe mpaka f/22, yaani liwe dogo sana, hata ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikiwa 100 tu. Anayetaka kulifungua liwe pana mpaka f/2.8, ili sura ya mtu ijitenge na vitu vilivyo nyuma yake, lazima apunguze mwanga mara 64, na njia ya kufanya hivyo ni filta nyeusi ya kuvalisha mbele ya lenzi. Ukumbini nako kuna jambo linalowasumbua vijana wengi na ambalo tiba yake haina gharama. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyoachwa katika mpangilio wa Marekani wa fremu 30 na shata ya moja chini ya sitini huchora mistari inayotembea ukutani na usoni mwa maharusi. Badilisha mpangilio uwe wa fremu 25 na shata ya moja chini ya hamsini, na mara nyingi mistari hiyo hutoweka.

Linalochukua muda mrefu zaidi kujifunza katika upande wa macho ni subira ya aina nyingine. Sisi wa picha za mnato tumezoea kuiwinda nukta moja: tunangoja, tunabofya, tunahama. Video inataka uanze kabla ya tukio na ubaki baada yake, mkono usitikisike na usihamehame, ili anayehariri apate mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Katika ngoma, picha moja nzuri ya mchezaji inaweza kubeba kazi nzima ya siku. Video ya ngoma hiyohiyo inahitaji miguu, mikono ya mpiga ngoma, nyuso za akina mama wanaoitikia, duara zima kwa mbali, na vyote hivyo virekodiwe kutoka upande mmoja wa uwanja, la sivyo mtazamaji ataona watu waliokuwa wakielekea kulia wanaelekea kushoto ghafla na hatajua kwa nini amechanganyikiwa.

Sasa mtu mmoja afanyeje yote mawili? Wakati wa kuvishana pete, picha ya mnato inataka usogee karibu, upande pembeni, ubofye mara kadhaa na uwashe flashi. Video inataka usimame palepale. Tena flashi yenyewe ni adui wa video, kwa kuwa kamera nyingi husoma fremu mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na flashi huwaka kwa muda mfupi kuliko usomaji huo, kwa hiyo fremu hutoka nusu nyeupe na nusu ya kawaida, tena na tena, katika dakika ambayo familia itataka kuitazama kuliko zote. Hata pale wanapokuwapo watu wawili, lazima wakae chini kabla ya shughuli na kuelewana ni wakati gani flashi itawaka na ni wakati gani haitawaka. Mtu mmoja hana wa kuelewana naye; atachagua kimoja na kukipoteza kingine, na mteja aliyelipia vyote viwili atakuwa amepata nusu ya kila kimoja.

Nimesema video inadai masikio kabla ya macho, na hapa ndipo ningependa wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Chukua nikaha. Kwa mpigapicha wa mnato, nikaha imo katika mikono miwili iliyoshikana, ya bwana harusi na ya walii au sheikh anayeozesha, na kofia zilizoinama kuwazunguka. Kwa video, nikaha imo katika maneno. Tamko la kuozesha na jibu la kukubali ndiyo ndoa yenyewe, nayo hutamkwa kwa sauti ya chini, mara nyingine kwa pumzi tupu, huku feni ikizunguka juu na bodaboda zikipita nje. Maiki iliyo ndani ya kamera, ikiwa hatua nne kutoka hapo, itachukua feni na bodaboda. Kinachotakiwa ni maiki ndogo ya kubana kwenye kola ya kanzu ya bwana harusi, imeunganishwa na kinasa sauti kidogo mfukoni mwake, na ruhusa ya sheikh na ya wazee wa pande zote mbili iliyoombwa mapema kwa adabu, si dakika ile watu wameshakaa. Mpigaji anapiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na kofi hilo ndilo litakaloziunganisha sauti na picha baadaye mezani. Kifaa hicho ni kidogo na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi nzuri. Hata hivyo nawajua wenzangu wenye lenzi tatu na wasio na maiki hata moja.

Kanisani tatizo ni mwangwi, hasa ndani ya majengo makubwa kama yale ya Ndanda na Masasi, ambamo sauti ya padri hugonga ukuta na kurudi kabla hajamaliza sentensi. Ukumbini tatizo ni spika. Njia bora ni kumwendea fundi muziki kabla wageni hawajaingia na kumwomba waya mmoja kutoka kwenye mikisa yake, mashine ya kuchanganyia sauti, hadi kwenye kinasa sauti, kwa sababu kila neno la mshereheshaji na la wazazi linapita pale likiwa safi. Wengi wao hukubali kwa moyo mmoja wakiombwa mapema. Nje, tatizo letu sisi watu wa pwani ni upepo. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, hakuna mahali kwenye ukingo wa ghuba ya Lindi au ya Mikindani ambapo maiki isiyovikwa manyoya yake inaweza kusikia kitu kingine zaidi ya mngurumo, na mngurumo huo ukishaingia ndani ya maneno ni vigumu mno kuutoa kwa programu. Mara nyingi dawa ni kumwomba mzungumzaji ahamie nyuma ya ukuta au chini ya mwembe wenye kivuli kizito, hata kama bahari nyuma yake ingependeza zaidi. Mpigapicha wa mnato atasikitika kuiacha bahari. Aiache.

Na kamera zetu zina tabia ya kujirekebishia sauti zenyewe: watu wanaponyamaza inapandisha, na mvumo wa chumba unajaa, watu wanapopiga vigelegele inashusha, na anayezungumza anazama. Tabia hiyo izimwe, kiwango cha sauti kiwekwe kwa mkono ili vilele vyake vicheze karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, na hedifoni zikae masikioni muda wote wa kurekodi. Anayerekodi bila hedifoni hajui anachorekodi. Kwa upande wa picha tusingekubali kamwe kubofya siku nzima bila kuangalia kioo cha kamera hata mara moja, lakini kwa upande wa sauti tunaona ni kawaida.

Sauti ina uzito mwingine unaozihusu mila zetu moja kwa moja. Siku ya kuwatoa wali hadharani, wakiwa na nguo mpya na ndugu wakiwatunza fedha, kamera hukaribishwa, na kwa miaka mingi wapigapicha tumejua mipaka yetu: tunasimama pale tunapoelekezwa na tunageuza lenzi tunapoambiwa tugeuze. Lenzi hugeuzwa, lakini maiki haina upande wa kugeukia. Inasikia yaliyo nyuma ya ukuta wa makuti na yanayoimbwa upande wa pili wa ua, na zipo nyimbo za unyago ambazo makungwi hawaziimbi mbele ya kila mtu. Video ikishawekwa kwenye simu moja, kabla ya magharibi imefika Dar es Salaam. Kwa hiyo naona ni wajibu wa mpigaji wa video kukaa na makungwi kabla ya siku yenyewe, kuuliza ni nyimbo zipi zinaruhusiwa kurekodiwa na zipi haziruhusiwi, na anapohariri asikilize kinachosikika kwa mbali kama anavyosikiliza kilicho karibu, akate kinachopaswa kukatwa. Wali ni watoto, na idhini ya wazazi wao kuhusu sura na sauti zao iandikwe. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata ingekuwa haipo, heshima ya mtoto na ya mila ingetudai vivyo hivyo.

Nina sababu moja kubwa ya kulishikilia jambo hili la sauti. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na kamera ya picha, mashine ya sinema iliyokuwa bubu, na fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alikuja kwa mambo yake na kwa macho ya mtawala wa wakati ule, mwaka ambao vita ya Majimaji ilikuwa haijazima, na mengi aliyoyaandika juu ya babu zetu hayastahili kusifiwa. Lakini alijua kwamba picha za mnato hazitoshi, na kwamba sinema isiyo na sauti haitoshi, akabebesha wapagazi mzigo wa tatu kwa ajili ya sauti pekee. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, mzigo huo unaenea kiganjani, nasi tunauacha nyumbani.

Wazee tunaoweza kuwarekodi hawatatungoja. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951, ndio ulioleta bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Mtu aliyekuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati treni ile inapita amekwisha kupita miaka 70 sasa. Waliowapokea wakimbizi wa Msumbiji waliovuka mto Ruvuma vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, na walioishi jirani na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO Nachingwea, nao nywele zimekuwa nyeupe. Picha ya mzee huyo mlangoni kwake itatuonyesha mikunjo ya uso wake na mkongojo wake. Jinsi anavyolitaja jina la kituo cha treni ambacho leo ni kichaka, au anavyosita kabla ya kusema ndugu yake hakurudi, picha haiwezi kutupa.

Ndiyo maana ningewashauri wenzangu wanaotaka kuingia kwenye video waanzie hapo, kwa mtu mmoja aliyeketi na kuzungumza, badala ya kuanzia harusi yenye wageni mia tatu. Kazi hiyo inatumia yote tunayoyajua tayari. Tunajua kumkalisha mtu kando ya dirisha ili mwanga umguse upande mmoja wa uso. Tunajua lenzi ipi inamstahi na ipi inampotosha. Tunajua, na hili si dogo, kumfanya mtu asiyeizoea kamera atulie. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na usiiguse. Bana maiki kwenye kola, vaa hedifoni, zima friji na feni, fukuza kuku uani, kisha uliza swali na unyamaze. Akimaliza kujibu, ngoja kidogo, kwa sababu mara nyingi lililo zito huja baada ya ukimya. Kabla hujaondoka rekodi nusu dakika ya utulivu wa chumba hichohicho, utaihitaji kuziba nyufa wakati wa kuhariri. Na asiyekuwa tayari hata kwa hilo anaweza kuanza na sauti peke yake: amrekodi mzee, kisha azipange picha za mnato alizozipiga mwenyewe juu ya sauti hiyo. Nimeziona kazi za namna hiyo zikitazamwa kimya na ukoo mzima, kutoka mjukuu hadi bibi.

Kuhariri ndiko wateja wasikokuona, na kwa hiyo ndiko wanakokataa kulipia. Picha mia tano naweza kuzipitia kwa muda mfupi na kuchagua hamsini. Saa tatu za video haziwezi kutazamwa kwa muda unaopungua saa tatu, na hapo hujakata hata kipande kimoja. Mzee akizungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, kama wengi wanavyopenda wanapofika kwenye mambo ya moyoni, lazima apatikane mtu anayeijua lugha hiyo barabara, maneno yaandikwe, yatafsiriwe kwa Kiswahili, yawekwe chini ya picha sentensi kwa sentensi, kisha mzee mwenyewe au mwanawe asomewe athibitishe. Hapo dakika tano zinaweza kuchukua siku kadhaa. Programu si kikwazo, kwani DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi zetu, ingawa linataka kompyuta yenye nguvu. Hifadhi ndiyo gharama: video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, kwa hiyo kamera mbili katika shughuli ya saa tatu zinajaza GB 270, na nakala inapaswa kuwa katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Diski hizo zihesabiwe ndani ya bei, tena mteja aambiwe hivyo waziwazi.

Kuhusu vibali nitasema machache. Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, ndege nyuki, yaani droni, zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yana wasimamizi wake. Nyimbo za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayeweka video ya harusi kwenye YouTube ikiwa na wimbo wa msanii nyuma yake asishangae kuona imezuiwa.

Sasa nifike kwenye maombi yangu. Kwa kamati za harusi: mnapopanga bajeti, andikeni mstari wa picha na mstari wa video, na katika mstari wa video ulizeni kwanza sauti itachukuliwaje. Kama fedha zinatosha kwa mtu mmoja tu, chagueni kimoja na kifanyike vizuri. Albamu nzuri ya picha inadumu. Nikaha na hotuba zinaweza kunaswa kwa kinasa sauti kilichowekwa mezani, na familia ikawa na vyote viwili bila kumkata mtu vipande. Ulizeni pia video itatazamwa wapi, kwenye televisheni sebuleni au kwenye simu, kwa sababu moja inataka kamera ilale na nyingine inataka isimame, na uamuzi huo haubadiliki baada ya shughuli.

Kwa ofisi za halmashauri, vyama vya msingi na mashirika yanayofanya kazi katika mikoa yetu: msimu wa korosho ukifika mnatuita kwenye minada na mikutano, na barua ya mwaliko inasema picha na video fupi. Siku mnapotaka mkulima aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi daraja la korosho zake lilivyopangwa ghalani, mpeni mpigaji wa video nafasi ya kukaa naye pembeni, mbali na mitambo na spika, walau nusu saa, na mpeni siku za kuhariri. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliwahi kunitaka niikabidhi video yenye tafsiri ya maneno ya wakulima jioni ya siku ileile ya mkutano. Nilikataa kazi hiyo, nami ningewaomba wenzangu wakatae pia, kwa sababu mkulima aliyetafsiriwa kwa pupa anaweza kusemeshwa asichosema, na jina lake ndilo litakalobaki kwenye video.

Kwa vyuo vya ufundi vya Mtwara na Lindi, VETA ikiwa mbele, naomba kozi fupi za jioni za kurekodi sauti na kuhariri video kwa wapigapicha walioko kazini, zikifundishwa kwa Kiswahili na kwa vitendo. Hatuhitaji kuanza na vifaa vya gharama. Vinasa sauti vichache, maiki za kubana, hedifoni na kompyuta mbili zenye uwezo vinatosha kufundisha kundi zima. Nasi wapigapicha wa Mikindani, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa tunaweza kuanza hata kabla ya chuo chochote kufungua mlango, kwa kuchangia seti moja ya vifaa vya sauti katika kila mji na kuazimana kwa zamu, mwenye kazi ya video wiki hiyo akiichukua na kuirudisha ikiwa na betri zilizojaa. Mimi niko tayari kuweka maiki zangu katika seti ya Mikindani.

Wako,
Mpigapicha,
Mikindani, Mtwara